Mgumu Aliyedhaniwa Amelewa: Uchambuzi wa Kisa cha Ugonjwa wa Mwinuko Katika Kambi ya Barafu, Kilimanjaro

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, miaka michache iliyopita, wakati wa mvua za vuli. Majina ya watu, jina la kampuni, uraia wa wageni na tarehe vimeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mimi ninayeandika ndiye niliyekuwa kiongozi mkuu wa safari hiyo. Nalisema hilo mapema kwa sababu sehemu ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu, na msomaji ana haki ya kujua kwamba anayechambua hakuwa mtazamaji wa pembeni.

Karibu visa vyote tunavyofundishiwa katika kozi za uongozaji vinamhusu mgeni: mgeni aliyeficha dalili, mgeni aliyekataa kugeuka, mgeni aliyeanguka karibu na Stella Point, kwenye ukingo wa kreta chini kidogo ya kilele. Hiki kinamhusu mpagazi, au mgumu kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita wenyewe.

Safari na watu wake

Wageni walikuwa watano, wote wakiwa na afya nzuri, na mmoja wao alikuwa amewahi kufika kilele cha mlima Elbrus wa Urusi, mita 5,642. Kikosi kilikuwa na kiongozi mkuu, wasaidizi wawili, mpishi na wagumu 15. Ratiba ilikuwa ya siku sita. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Machame, iliyo chini kidogo ya mita 3,000. Wa pili Shira, juu ya mita 3,700. Wa tatu Barranco, takriban mita 3,900. Na siku ya nne tulipita Karanga bila kulala, tukaenda moja kwa moja hadi Barafu, karibu mita 4,670, ambako safari ya kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, huanza usiku wa manane.

Miongozo ya tiba ya milimani inashauri, ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu, kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kimo anacholala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne awepo usiku wa kutopanda. Ratiba ya siku sita ya Machame haitimizi shauri hilo: kutoka Machame hadi Shira ni karibu mita 900, na kutoka Barranco hadi Barafu ni zaidi ya mita 700. Tunafidia upungufu huo kwa kuwapandisha wageni Lava Tower, karibu mita 4,600, mchana wa siku ya tatu, kisha kuwashusha kulala Barranco.

Wagumu hawapandi Lava Tower. Wao hukata njia ya chini kutoka Shira hadi Barranco, kwa kuwa wanatakiwa kufika kabla ya wageni na kusimamisha mahema. Nimepita njia hiyo miaka mingi nikiiona kuwa nafuu kwao, na sikuwahi kujiuliza kwamba ndiyo inayowanyima siku moja ya kuzoea kimo.

Mgumu anayehusika alikuwa kijana wa chini ya miaka 25, mkazi wa tambarare, na hiyo ilikuwa safari yake ya tatu, ya kwanza baada ya miezi kadhaa ya kukaa nyumbani. Langoni alipimwa kitu kimoja, yaani mzigo wake, ambao haukuzidi kilo 20 zinazoruhusiwa. Wageni, kwa upande wao, walipimwa oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni asubuhi na jioni, na kuulizwa maswali manne ya Lake Louise, orodha ya kupima ugonjwa wa mwinuko, kuhusu kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3.

Mfuatano wa matukio

Siku ya pili mvua ilitunyeshea tangu asubuhi. Kijana alifika Shira akiwa ameloa, akalala katika hema la kulia chakula pamoja na wenzake, kama wagumu walivyozoea, na nguo zake hazikukauka. Usiku huo kichwa kilimuuma. Alimwambia mwenzake mmoja, akapewa vidonge viwili vya Panadol. Siku ya tatu, Barranco, alikula nusu ya chakula chake na kusema amechoka. Sisi viongozi hatukujua lolote kati ya haya. Tuliyapata baadaye, tulipowahoji wenzake mmoja mmoja.

Siku ya nne alifika Barafu saa saba mchana. Kambi ya Barafu haina maji, na chanzo cha mwisho kiko bonde la Karanga, kwa hiyo tulikuwa tumebeba maji tulipopita hapo. Dumu moja lilikuwa limepasuka njiani. Saa nane mpishi aliniambia kuwa yaliyobaki hayatoshi kwa chakula cha jioni, chai ya usiku na chupa za wageni za kwenda kileleni. Nikaomba watu wawili warudi Karanga, na kwa kuwa safari ya maji ina posho yake, mikono ilinyoshwa upesi. Kijana alikuwa mmoja wao. Nilimuuliza, “Dogo, uko vizuri?” Akanijibu, “Niko fiti, kiongozi.” Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote ya siku hiyo.

Walirudi saa moja na nusu usiku, wakati mvua imeanza kuchanganyika na theluji. Mwenzake alieleza baadaye kwamba katika mpando wa mwisho kijana alikuwa akikaa chini kila baada ya hatua chache, na kwamba alilazimika kubeba madumu yote mawili kwa zamu, la kwanza mbele kidogo, kisha akalirudia la pili. Nilisikia sauti za watu kwamba maji yamefika. Sikutoka kuwaona, kwa sababu nilikuwa nikiwaeleza wageni mpango wa usiku.

Hakula ugali. Saa tano na robo usiku, msaidizi wa mpishi alipoamka kuchemsha chai, alimkuta amekaa mlangoni mwa hema akijaribu kuvaa glovu mguuni. Alipoulizwa anafanya nini, alisema gari limeshafika lango la Mweka, la kutokea mlimani siku ya mwisho, na yeye anachelewa. Mpishi aliamshwa, akamtazama, akamsikia akiongea kwa ulimi mzito, akasema, “Huyu amelewa.” Alimnusa mdomoni na hakusikia harufu ya pombe, lakini wazo lilikuwa limeshaingia. Wakamfunika mablanketi mawili, wakampa chai yenye sukari nyingi, ambayo aliitapika, kisha wakaendelea na kazi.

Dakika 40 zilipita. Saa sita kasoro dakika tano msaidizi wangu wa pili alikuja jikoni kuchukua chai, akamkuta kijana amesimama huku ameshikilia nguzo ya hema. Alichora mstari kwa fimbo kwenye changarawe na kumwagiza autembee, kisigino kikigusa kidole, hatua kumi. Hatua ya tatu ilimwangusha ubavu. Msaidizi alimjaribu tena kwa kumshika mkono, akaanguka upande uleule. Ndipo nilipoitwa.

Maamuzi na sababu zake

Nilipofika, kifaa cha kidoleni kilikataa kusoma kwa sababu vidole vyake vilikuwa vya baridi mno. Tulivipasha kwapani mwa mwenzake, kikasoma asilimia 61. Wageni wetu jioni hiyo walikuwa kati ya 76 na 84. Hata hivyo, uamuzi haukutokana na namba. Mtu aliyepanda juu, anayeumwa kichwa, ambaye akili imechanganyika na miguu haifuati mstari, anachukuliwa kuwa na uvimbe wa ubongo unaosababishwa na mwinuko hadi ithibitike vinginevyo, na ugonjwa huo unaweza kuua katika muda wa saa chache. Alikuwa pia akikohoa kidogo, na sikio lililowekwa mgongoni lilisikia mchakacho upande wa kulia.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kushuka usiku uleule. Msaidizi wa kwanza, mtu makini mwenye miaka mingi mlimani, alishauri tungoje alfajiri, kwa hoja kwamba njia ya Mweka ilikuwa na utelezi na machela ingeweza kuwaangusha wabebaji. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nilikataa kwa sababu mbili: helikopta isingeweza kuruka gizani na ndani ya wingu, kwa hiyo alfajiri isingetuletea msaada wowote tusiokuwa nao tayari, na mita 800 za kushuka hadi kambi ya Millennium ndiyo tiba yenyewe, huku vingine vyote vikiwa vya kumshikilia mgonjwa hadi afike huko. Daktari wa kampuni alipatikana kwa simu baada ya kupiga mara nne, akaidhinisha deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, miligramu 8 kwa kuanzia na 4 kila baada ya saa sita.

Uamuzi wa pili ulihusu oksijeni, na ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Tulikuwa na mtungi mmoja. Katika karatasi ya taratibu za kampuni uliandikwa kuwa ni “wa dharura ya wageni usiku wa kilele”. Hakuna aliyeandika maneno hayo kwa nia mbaya; ni kwamba alipoyaandika, aliyekuwa akilini mwake ni mgeni. Kama mtungi ukishuka na kijana, basi wageni wangepanda bila oksijeni, au wasingepanda kabisa. Niliamua ushuke. Ukweli ni kwamba nilisita, pengine kwa dakika mbili, na katika dakika hizo niliwaza namna nitakavyomweleza meneja.

Baada ya kuamua nilikwenda hema la kiongozi wa kundi jingine, ambaye tunafahamiana kwa salamu tu, nikamwamsha na kumweleza. Alikuwa na mitungi miwili na wageni watatu. Alinipa mmoja bila kuuliza nani atalipa, akaongeza na wagumu wake wawili wa kusaidia machela. Siwezi kusema kwamba nilipanga jambo hilo, nilibahatika.

Uamuzi wa tatu ulikuwa nani ashuke. Nilimtuma msaidizi wa pili, kwa kuwa ndiye aliyegundua na ndiye mwenye cheti kipya zaidi cha huduma ya kwanza, pamoja na wagumu wanne wetu na wale wawili. Askari wa hifadhi alitoa machela ya gurudumu moja. Waliondoka saa saba kasoro robo.

Uamuzi wa nne ulihusu kilele. Niliwaita wageni na kuwaambia ukweli wote, pamoja na kwamba sasa tuna viongozi wawili tu. Kanuni yetu ni kiongozi mmoja kwa wageni wawili. Mmoja wa wageni alikuwa na alama 4 za Lake Louise tangu jioni, kichwa kikiwa miongoni mwake, kiasi kinachoashiria ugonjwa wa mwinuko, nami nilikuwa nimeahirisha uamuzi juu yake hadi usiku. Sasa nilimwambia abaki. Aliyewahi kupanda Elbrus alilalamika kwamba tunachelewa kwa ajili ya “mfanyakazi mmoja”, mwenzake wa hema akamnyamazisha kabla sijapata la kusema. Tuliondoka saa saba na dakika 50, karibu saa mbili nyuma ya mpango, baada ya kukubaliana kwamba saa tatu asubuhi kila mtu atageuka popote alipo.

Matokeo

Machela ilifika Millennium saa kumi alfajiri. Msaidizi aliandika katika daftari kwamba karibu na hapo kijana alianza kuitika kwa jina lake, na alipoulizwa yuko wapi alisema “mlimani”, jibu ambalo saa nne nyuma asingeweza kulitoa. Walifika kambi ya Mweka kulipopambazuka, na hospitalini Moshi saa tano asubuhi. Madaktari walithibitisha uvimbe wa ubongo, na mwanzo wa maji kwenye mapafu. Alilazwa siku nne, akatoka akitembea bila tatizo.

Kati ya wageni wanne, wawili walifika Uhuru na wawili waligeuka Stella Point. Hakuna aliyehitaji oksijeni.

Siku ya sita, langoni Mweka, bakshishi ziligawanywa kwa orodha ya waliokuwapo. Jina la kijana halikusomwa. Wenzake ndio waliopiga kelele, kisha wakachanga kila mmoja kidogo kabla kampuni haijarekebisha orodha, na marekebisho hayo yalichukua wiki tatu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mtihani wa kutembea mstarini uliokoa maisha ya mtu. Hauhitaji betri, hauharibiwi na baridi ya vidole, na hutenganisha uchovu na ugonjwa kwa namna ambayo macho peke yake hayawezi. Kushuka bila kungoja kulikuwa sahihi, na ningeamua vivyo hivyo leo hata kwa njia yenye utelezi zaidi, mradi wabebaji wanatosha kupokezana. Kuwaambia wageni ukweli kulisaidia pia, kwani aliyebaki kambini alikubali kubaki kwa urahisi alipokuwa ametoka kushuhudia machela ikiondoka.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Nianze na ulevi. Mpishi wetu si mjinga wala si mkatili. Alimfunika kijana na kumpa chai, jambo ambalo mtu asiyejali asingelifanya. Lakini dalili za ubongo kuvimba kwa mwinuko zinafanana na ulevi kwa kila kitu isipokuwa harufu, na mpishi hakuwahi kufundishwa hilo. Mafunzo ya dalili hutolewa kwa viongozi, ilhali anayemwona mgumu usiku ni mpishi na msaidizi wake. Dakika 40 zilipotea kwa sababu elimu ilikuwa katika hema moja na mgonjwa katika jingine.

Pili ni maji. Mimi ndiye niliyemtuma. Mtu aliyekwisha kubeba mzigo kutoka Barranco hadi Barafu alirudishwa chini hadi Karanga na kupandishwa tena akiwa na kilo 20 mgongoni, bila kupumzika, bila kunywa maji ya kutosha, na nguo zikiwa hazijakauka tangu Shira. Kufanya kazi nzito mara tu baada ya kupanda ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa mwinuko. Kama angekuwa mgeni ningemwambia akae, anywe chai, asogee taratibu. Naye aliporudi saa nzima baada ya muda uliotarajiwa, kuchelewa kwenyewe kulikuwa dalili ambayo ningeiona kama ningetoka hemani.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito wote, ni ukimya wake. Wageni humuuliza kiongozi kwa nini wagumu hawasemi wanapoumwa, kana kwamba ni ushujaa. Si ushujaa, ni hesabu. Mgumu anayeteremshwa siku ya pili hulipwa siku mbili. Bakshishi, au tipu kama tunavyosema, hutolewa siku ya mwisho langoni, na kwa wengi ndiyo inayofanya safari iwe na maana, kwa hiyo anayeshuka mapema huikosa. Zaidi ya hapo, jina la aliyeshuka huandikwa kichwani mwa kiongozi, na safari ijayo anaweza asiitwe. Kijana alijibu “niko fiti” kwa sababu katika utaratibu tuliouweka sisi, hilo ndilo jibu pekee lisilomgharimu chochote siku hiyo. Alipoulizwa hospitalini kwa nini hakusema, alijibu kwamba alijua ameshabakiza siku mbili tu.

Nne ni dhana kwamba mwenyeji haumwi mwinuko. Moshi iko chini ya mita 1,000, na aliyezaliwa chini ya mlima hana damu tofauti na ya mgeni. Nepal nako wapagazi wengi wa njia za milimani hutoka mabonde ya chini na si Washerpa, watu wa milimani, ingawa wageni huwaita wote kwa jina hilo. Na ilikuwa baada ya kifo cha mpagazi kijana huko ambapo shirika la kuwalinda wapagazi, International Porter Protection Group, liliundwa mwaka 1997. Jambo hili halikuwa geni duniani. Kwetu lilikuwa geni kwa sababu hatukuwa tumelitafuta.

Kuhusu mtungi wa oksijeni, wapo wenzangu waliosema baadaye kwamba ningeghairi kilele kabisa badala ya kutegemea hisani ya jirani. Wana haki. Kama jirani angekataa ningeghairi, na nilikuwa nimeshaamua hivyo. Ila uamuzi nilioufikia usiku wa manane nikiwa na mgonjwa mbele yangu ulipaswa kuwa umeandikwa ofisini kabla hatujafika langoni.

Mabadiliko yaliyofuata

Karatasi ya taratibu sasa inasema mtungi ni “wa mtu yeyote wa msafara”, na idadi imepanda kuwa miwili. Wapishi wamefundishwa dalili. Kuanzia Shira, kila jioni wagumu wote hutembea mstari mmoja mbele ya hema la jikoni, na wanaucheka sana, hasa anapoyumba mtu mzima anayesifika kwa nguvu. Anayeshushwa kwa ugonjwa hulipwa siku zote na hubaki kwenye orodha ya bakshishi. Katika safari ya kwanza ya utaratibu huo wagumu watatu walisema kichwa kinawauma, kati yao mmoja akiwa mzee ambaye nimefanya naye kazi tangu mwanzo na sikuwahi kumsikia akilalamika. Alishushwa kutoka Barranco.

Maji bado yanabebwa kutoka Karanga. Tumezuia mtu yuleyule kubeba mzigo na kurudi kuchota siku moja, jambo linalohitaji wagumu wawili zaidi katika kila msafara, na meneja amekwisha kuuliza mara mbili kama mmoja hatoshi. Ratiba ya siku saba, inayolala Karanga, ingeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Tunaipendekeza kwa kila mgeni anayeandika kuuliza, na wengi wao, wakishaona tofauti ya bei, huchagua siku sita.